Picha ya duma niliyoipata kwa kumharibia mawindo: niipeleke mashindanoni?

Mpigapicha_Mwanza: Wakuu, naombeni ushauri. Mwezi uliopita nilikuwa Serengeti, upande wa Seronera. Tulimkuta duma na watoto watatu, mama ananyemelea swala tomi. Lenzi yangu ni milimita 300 tu, nikamwomba dereva asogee. Akaacha barabara, magari mengine mawili yakafuata. Swala wakatimka. Duma akakaa chini, wote wanne wakatutazama, nikapiga. Sijawahi kupata picha nzuri kama hiyo. Ila kila nikiifungua nawaza kama wale watoto walikula siku ile.

Dereva_wa_Pori: Kaka, kuacha barabara pale ni kosa, na akikamatwa anayeumia zaidi ni dereva. Duma anawinda mchana ili awakwepe simba na fisi. Mbio zake ni fupi na zinamchosha sana, hawezi kujaribu ovyo ovyo. Safari ijayo mwambie dereva wako asubuhi kabla hamjaondoka: bakshishi yako ipo palepale hata msipomkaribia mnyama. Wengi wetu tunasogea kwa kuogopa mgeni atanuna.

Wa_Narok: Huku Maasai Mara kuna utafiti ulitoka 2018. Palipo na watalii wengi, mama duma alikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzazi hadi kujitegemea. Palipo na wachache, 2.3. Soma hizo namba tena, ndugu yangu. Usiipeleke.

Bi_Kamera: Nami nasema usiipeleke, ila usiifute. Mashindano makubwa hayataki picha ya mnyama aliyesumbuliwa, na ukiulizwa uliipataje itabidi useme uongo. Ukiiweka mtandaoni, andika yaliyotokea yote. Na siku ukimpiga picha faru, ondoa kabisa taarifa za mahali kwenye faili, majangili nao wanaangalia picha.

Mpigapicha_Mwanza: Asanteni sana, siipeleki. Dereva nimempigia kumwomba radhi. Februari naenda Ndutu, upande wa Hifadhi ya Ngorongoro, na pale msimu huo magari huruhusiwa kuacha barabara. Nifanyeje nikimkuta mwingine?

Dereva_wa_Pori: Simameni mbali, mzime injini. Msikae kamwe kati yake na swala, wala kati yake na watoto. Akiwa anawinda, msisogee hata kidogo mpaka amalize. Akigeuza kichwa kuwatazama nyinyi badala ya swala, mmeshamkaribia mno, rudini nyuma taratibu. Na hiyo milimita 300 inatosha, mpige picha duma pamoja na mbuga yake.