Majirani wa Achterhoek wanatutarajia tufanye nini?

Swali: Mkazi mpya, Achterhoek

Ndugu zangu mnaoishi vijijini Uholanzi, naomba ushauri wenu.

Miezi mitano iliyopita mimi na mume wangu tulihamia nyumba ya zamani ya shamba karibu na Winterswijk, katika eneo la Achterhoek, mashariki kabisa mwa mkoa wa Gelderland, ambako nyumba ya jirani iko ng'ambo ya malisho na mpaka wa Ujerumani unafikika kwa baiskeli. Kabla ya hapo tulikaa Rotterdam miaka saba, katika ghorofa ambayo hatukumfahamu hata aliyeishi mlango wa pili. Nina hofu kwamba huku tumekwisha kukosea.

Tulipokuwa na wiki chache tu, mwanamume wa nyumba ya karibu alibisha hodi asubuhi, amevaa koti jeusi, akatuarifu kwamba bibi wa nyumba ya tatu amefariki usiku. Mume wangu alimshukuru, akafunga mlango. Hatukwenda msibani wala hatukupeleka kadi, kwa kuwa marehemu hatukuwahi kumwona. Sasa jirani huyohuyo ametuletea karatasi: Ijumaa jioni watu watakutana ghalani kwake kutengeneza maua ya waridi ya karatasi, kwa sababu mke na mume wa nyumba ya pembeni wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Wakati wa kuondoka alitamka neno *noaber*, akajigusa kifua, kisha akatunyooshea mkono sisi. Je, huu ni mwaliko wa hiari au ni wajibu? Na lile la msiba, linaweza kurekebishwa?

Jibu la 1: Mzee wa Twente

Dada, kosa lenu ni la wageni wote, nami nililifanya nilipofika Twente miaka 14 iliyopita.

*Noaber* ni jirani kwa Kisaksoni cha Chini, lugha ya wenyeji wa Achterhoek, Twente na Drenthe, maeneo ya mashariki na kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, lakini neno hilo limebeba uzito kuliko *buurman*, ambalo ndilo neno la kawaida la Kiholanzi. Mashamba ya maeneo haya yalitawanyika, na enzi ambazo hapakuwa na bima wala gari la zimamoto, ghala lilipoungua, farasi alipokufa au mama aliposhikwa na uchungu, waliokuja ni watu wa nyumba za karibu. Wajibu huo uliitwa *noaberplicht*, na jambo ambalo sisi wageni huchelewa kulielewa ni kwamba haukutegemea urafiki: uliambatana na nyumba yenyewe, hivyo aliyehamia katika nyumba aliurithi pamoja na kuta na paa, hata kama hakupatana na wenzake.

Uzito wake ulionekana zaidi katika kifo. Wafiwa waliachwa waomboleze, na majirani ndio waliopeleka taarifa nyumba kwa nyumba, wakaigonga kengele, wakalibeba jeneza. Siku hizi kampuni za mazishi zimechukua sehemu kubwa ya kazi hizo, lakini kwenu, kwa jinsi unavyoeleza, kupeleka habari mlangoni kungalipo. Kwa hiyo yule bwana mwenye koti jeusi hakuja kupiga soga. Alikuwa akitimiza wajibu wake, na kwa kubisha kwenu aliwahesabu ninyi kuwa miongoni mwao.

Nendeni kwa wafiwa wiki hii, hata kama mmechelewa. Mpeni kila mmoja mkono, mseme *gecondoleerd*, yaani poleni kwa msiba, mkikaribishwa kahawa mkae mnywe. Msijieleze sana.

Jibu la 2: Mama wa Drenthe

Nakubaliana na mzee wangu, ila nisingependa dada aamini kwamba kila kitongoji kina desturi ileile. Hapa kwetu mambo mengi yamepungua, na kuna barabara ambazo upande mmoja ni *noaber* na upande wa pili si *noaber*, bila mgeni kuona sababu yoyote. Muulize jirani yako wa kwanza waziwazi: ni nyumba zipi tunahesabiwa nazo? Swali hilo halimuudhi mtu. Litamfurahisha.

Kuhusu waridi, nendeni wote wawili. Maua hukunjwa kwa karatasi laini, hufungwa kwa waya, kisha huchomekwa kwenye matawi mabichi yanayozungushwa mlango wa wanandoa kama tao. Wanawake wazee watakufundisha kukunja, na mikono ikiwa na kazi utasikia nani anauza ng'ombe, mtoto wa nani amefaulu mtihani, na kama shule ya msingi itabaki wazi mwaka ujao. Gazeti la bure la kila wiki litayachapa baadaye, au halitayachapa kabisa. Mchango wa zawadi hukusanywa kwa pamoja, kiasi kilekile kwa kila nyumba, kwa hiyo msinunue zawadi kubwa ya peke yenu, maana mtawaaibisha wengine.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Katika sehemu nyingi mgeni ndiye anayewaalika majirani nyumbani kwake ili apokewe rasmi. Jirani hawezi kuwaambia mfanye hivyo, kwa hiyo inawezekana kwamba wamesubiri miezi yote mitano.

Jibu la 3: Muuguzi wa zamu

Naomba niongeze upande wa pili. Mimi hufanya kazi usiku, na mwaka wa kwanza nilijilazimisha kuhudhuria kila jambo hadi nikaugua. Nilipomweleza jirani yangu ratiba yangu, hakukasirika hata kidogo, bali alinipa kazi ninayoiweza: kuwalisha kuku wa watu wanaposafiri, na kumpeleka bibi mmoja hospitali siku zangu za mapumziko, kwa sababu basi dogo linaloendeshwa na wanakijiji wa kujitolea halifanyi kazi Jumapili. Kinachoumiza huku ni kunyamaza. Ukisema huwezi, utaeleweka, lakini usipofika bila neno, watu watajua kwamba hutaki.

Muuliza swali

Ahsanteni sana. Tulikwenda jana kwa wafiwa, nao ni mzee mmoja na binti yake. Mume wangu alianza kuomba radhi kwa Kiholanzi chake cha Rotterdam, na mzee akamkatiza kwa kumvutia kiti. Tulikaa saa nzima. Tulipoaga, binti alituuliza kama tuna ngazi ndefu, kwa sababu ile ya jirani wa kwanza imevunjika na tao la Jumamosi linahitaji kufungwa juu ya mlango. Tunayo, imo bandani, iliachwa na waliotutangulia. Mume wangu ataipeleka Ijumaa kwenye waridi, na mimi nimepata tarehe ya kuwaalika nyumba zote sita.