Maelezo ya wahakiki kuhusu mvinyo wa Ureno: nisomeje kabla ya kuweka kwenye menyu?

KauntaMasaki ameuliza:

Wakuu, salaam. Tunaandaa orodha mpya ya mvinyo kwa mgahawa wa viti 40 huku Masaki. Msambazaji ametupa karatasi yenye mivinyo saba ya Ureno: mweupe wa eneo la Vinho Verde (zabibu ya Alvarinho), nyekundu ya mkoa wa Dão, nyekundu ya Bairrada (zabibu ya Baga tupu), nyekundu ya Douro, halafu zile zinazoongezwa spiriti: Porto LBV (Late Bottled Vintage) isiyochujwa, Porto Tawny (ya kuzeekea pipani) ya miaka 20, na Madeira ya miaka 10, ya kisiwa cha Madeira, zabibu ya Verdelho. Kila moja ina maneno ya mhakiki na alama: hii 91, ile 94, nyingine 17 kati ya 20. Maneno yenyewe ni ya matunda na maua ambayo wahudumu wangu hawajawahi kuyatia mdomoni, halafu kuna "tanini zenye mshiko" na "mwisho mrefu".

Naomba msaada kwa mambo matatu. Alama hizi zina uzito gani? Wahudumu niwaeleze nini ili mteja aelewe? Na zipi niuze kwa glasi, zikishafunguliwa zinadumu muda gani, ukizingatia joto letu na umeme unaokatika?

Zabibu_Kavu:

Mkuu, kabla ya alama tazama mizani iliyotumika na tarehe ya kuonja.

Mizani ya 100 iliyovuma kupitia Mmarekani Robert Parker huanzia 50, si sifuri. Kwa hiyo 85 ni mvinyo safi wa kawaida, na tofauti kati ya 91 na 92 usiilipie hata shilingi. Jancis Robinson wa Uingereza hutumia 20. Kwake 17 ni sifa kubwa, na hairuhusiwi kuizidisha mara tano ukasema ni 85. Wauzaji wengi hujikwaa hapo, wengine kwa makusudi.

Tarehe ndiyo muhimu zaidi, hasa kwa Porto. Vintage, yaani Porto ya mavuno ya mwaka mmoja bora inayozeekea chupani, huonjwa na wahakiki ikiwa changa mno, wakati mwingine sampuli ya pipani kabla haijatiwa chupani. Alama ya namna hiyo ni utabiri. Dow's Vintage 2011 ilipewa 99 na jarida la Wine Spectator na kutajwa mvinyo wao wa mwaka 2014. Wakati huo ilikuwa na miaka mitatu tu tangu mavuno, na Vintage ya daraja hilo huhitaji miaka 15 hadi 20 ukakasi wake utulie. Ukimfungulia mteja mapema kwa kuwa karatasi inasema 99, atarudisha glasi, na hatakuwa amekosea.

Tawny inakwenda kinyume. Imezeekea pipani, ikitiwa chupani haiboreki tena, inachakaa tu. Geuza chupa usome mwaka wa kujazwa, huwa umeandikwa. Kama ilijazwa miaka minane iliyopita na ikalala stoo isiyo na kiyoyozi, yale ya mhakiki kuhusu lozi na maganda ya chungwa hayaihusu chupa yako. Halafu "miaka 20" si umri wa kila tone. Ni mchanganyiko wa mapipa ya umri mbalimbali, na jopo la waonjaji wa taasisi inayosimamia Porto, IVDP, ndilo linalopitisha kwamba una tabia ya umri huo.

LBV ni ya mavuno ya mwaka mmoja, hukaa miaka 4 hadi 6 kabla ya chupa. Ya kwako haijachujwa, kwa hiyo ina kizibo kirefu cha kuvutwa kwa kizibuo, na itakuwa na mashapo. Iliyochujwa mara nyingi ina kizibo kifupi chenye kofia ya plastiki, unakizungusha kwa mkono tu.

MezaYaKuonjea:

Kwa upande wa wahudumu, matunda waachane nayo mwanzoni. Harufu kila pua inaitafsiri kivyake, na mhakiki wa London anataja vilivyomo jikoni mwa mama yake. Katika kila maelezo watafute mambo manne: uchachu, ukakasi, sukari, kileo. Hayo yanapimika, na ndiyo yanayoamua chakula gani kikae pembeni.

Wafunze kwa glasi nne kabla hujafungua chupa yoyote ya bei:

A. Pakiti 2 za chai kwenye ml 200 za maji ya moto, dakika 10, ipoe, bila sukari. Kinachokausha fizi ni ukakasi, yaani tanini.
B. Maji ml 200 na maji ya ndimu ml 10. Mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi ni uchachu.
C. Sukari gramu 20, jaza maji mpaka ml 200. Hiyo ni gramu 100 kwa lita, ndipo Porto nyingi zilipo.
D. Kama C, ongeza ndimu ml 10. Sukari ni ileile, lakini mdomo unasema imepungua.

Glasi D ndiyo mlango wa kuielewa Madeira. Asiyefundishwa atamwambia mteja "hii si tamu" wakati sukari imo, uchachu ndio umeifunika. Shida nyingine ni kwamba wahudumu huita vyote vitatu, ukakasi, uchachu na kileo, "kali". Wasipotenganisha hapa, mteja anayekimbia ukakasi ataletewa Baga.

Kwa nini Porto ni tamu: uchachushaji hukatishwa sukari ikiwa imeliwa karibu nusu, kwa kumimina spiriti ya zabibu ya asilimia 77. Kipimo cha kawaida ni lita 115 za spiriti kwa lita 435 za maji ya zabibu yanayochachuka. Hamira inakufa, sukari iliyobaki inabaki, kileo kinafika kati ya asilimia 19 na 22. Madeira hufuata wazo hilohilo, ila Verdelho hukatishwa baadaye zaidi kuliko Madeira za zabibu za Boal na Malvasia, ndiyo maana ni kavu kiasi.

Sasa karatasi yako. "Tanini zenye mshiko" maana yake ukakasi mwingi, usiiuze bila nyama yenye mafuta. "Mwisho mrefu" pima kwa kuhesabu baada ya kumeza: ladha ikivuka sekunde 15, mhakiki hakudanganya. "Madini" mimi huisoma kama uchachu mkavu usio na tunda la kutosha kuufunika, ingawa wako watakaonipinga. Harufu ya ua la urujuani kwenye Dão na Douro hutoka kwa zabibu ya Touriga Nacional. Kwa mteja wa hapa sema zambarau mbivu, ataelewa. Tawny ya miaka 20: korosho za kukaanga, tende, ganda la chungwa lililokauka. Baga ikiwa changa inakwaruza ulimi kama bibo ambalo halijaiva, na uchachu wake ni mkubwa pia. Hiyo ni tabia ya zabibu yenyewe, msimrudishie msambazaji mkidhani imeharibika.

Alvarinho angalia kama imetoka eneo la Monção e Melgaço, ndani ya Vinho Verde. Hiyo mara nyingi ina kileo cha asilimia 12 hadi 13 na zaidi, haina povu, na inastahimili miaka kadhaa. Vinho Verde ya bei nafuu ni kitu kingine: asilimia 9 hadi 11 hivi, gesi kidogo, inywewe changa. Msiziweke bei moja kwa kuwa jina la juu ni lilelile.

StooBaridi:

Dada Meza ameshaeleza ladha, mimi niongeze joto, maana Dar ndilo linaloua maelezo ya mhakiki kabla hata ya mhudumu kufungua mdomo. Mzungu akiandika "joto la chumba" anakusudia nyuzi 16 hadi 18. Chumba chako Januari kina 30. Porto ya asilimia 20 ikimiminwa kwa nyuzi 30 inachoma pua kwa spiriti tu, hakuna korosho wala tende itakayosikika.

Vipimo: Alvarinho 8 hadi 10, Madeira na Tawny 12 hadi 14, nyekundu na LBV 16 hadi 17. Nunua kipimajoto cha jikoni, usikisie kwa kushika chupa. Njia ya haraka ni ndoo yenye nusu barafu nusu maji, maji yafike mabegani mwa chupa. Barafu peke yake huacha nafasi za hewa na haipozi vizuri. Nyekundu kutoka nyuzi 30 itahitaji kama dakika 10 hadi 15 humo. Friji itachukua saa moja na nusu au zaidi. Glasi nayo ikitoka kwenye mashine ya kuoshea ikiwa moto, kazi yote imepotea.

Kupokea mzigo: agiza uje asubuhi, na kagua chupa moja kila boksi. Kizibo kilichosukumwa juu, au utando wa kunata chini ya kofia (ile karatasi ya bati inayofunika kizibo), ni dalili kwamba mvinyo ulipanuka kwa joto. Kofia iliyogandia isiyozunguka inaweza kuwa dalili ileile, onja kabla ya kuhukumu. Ndani utakuta ladha ya matunda yaliyochemshwa, na rangi nyekundu imeanza kuelekea kahawia. Harufu ya boksi lililolowa maji ni tatizo jingine, la kizibo, na hilo joto halihusiki.

Kuhifadhi: nyuzi 13 hadi 15, gizani. Kiyoyozi kinachozimwa usiku mkifunga ni kibaya kuliko stoo yenye nyuzi 20 zisizobadilika. Friji ya mvinyo yenye nafasi tupu ijaze chupa za maji. Umeme ukikatika maji hayo hushikilia baridi, na mlango usifunguliwe ovyo. Mivinyo mingine ilale, ila Madeira na Tawny zisimame wima.

Baada ya kufungua, zote friji, hata nyekundu:

Alvarinho siku 2. Dão, Douro na Bairrada siku 2 hadi 3. LBV wiki moja, siku 10 ukibahatika. Tawny wiki 3 hadi 4. Madeira miezi, na haitanuna. Imekwishapikwa: za bei ya chini hupashwa kwenye matangi nyuzi 45 hadi 50 kwa angalau miezi mitatu, na za daraja la kwako kwa kawaida hukaa pipani kwenye dari zenye joto kwa miaka. Hewa na joto vilishamaliza walichoweza kufanya.

Kwa hiyo kwa glasi anza na Madeira na Tawny. Kwa kipimo cha ml 75, chupa inatoa glasi 10. Ukiuza glasi tatu tu kwa wiki, Tawny bado inakulipa na LBV inakutia hasara. Nyekundu iliyobaki nusu ihamishie kwenye chupa ndogo ya ml 375 ijae mpaka shingoni, utapata siku ya ziada.

LBV yako isimamishe saa 24 kabla. Mimina polepole kwenye jagi bila kusita katikati, ukiwasha tochi ya simu chini ya shingo. Mashapo yakifika begani, acha. Utapoteza ml 30 hadi 50, ziingize kwenye bei. Ukitaka kuchuja hicho kilichobaki tumia kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni.

ChefPwani:

Yote sawa, ila hakuna aliyetaja pilipili. Pilipili huongeza ule moto wa kileo, kwa hiyo Douro ya asilimia 14 na mishkaki ya pilipili ni ugomvi mtupu. Hapo weka Alvarinho. Dão ina uchachu zaidi na haijajaa kama Douro, ndiyo ya pilau na kuku wa kuchoma. Baga mpe anayeagiza mbuzi au nyama ya nguruwe yenye mafuta. Verdelho iliyopozwa nimeipenda na supu ya pweza kuliko mvinyo mweupe wowote.

Tawny msiiweke na halua. Kitamu kikizidi mvinyo, mvinyo unageuka mchachu na mkavu. Korosho za kukaanga zenye chumvi kidogo zinatosha.

Na mteja aliyezoea nyekundu tamu ya Dodoma usimpe Bairrada hata kama ina 94. Waulize msambazaji kama wana nyekundu ya Alentejo. Huko jua ni kali, zabibu zinaiva sana, ukakasi ni laini.

KauntaMasaki:

Shukrani sana wakuu. Swali moja la mwisho: msambazaji ana Madeira nyingine rahisi zaidi, haina jina la zabibu, imeandikwa tu "meio doce". Hiyo ni nini?

MezaYaKuonjea:

Mara nyingi ni Tinta Negra, zabibu inayolimwa kwa wingi zaidi kisiwani. Utamu unausoma kwenye hayo maneno: seco ni kavu, meio seco ni kavu kiasi, meio doce ni tamu kiasi, doce ni tamu kabisa. Kwa hiyo hiyo inakaa ngazi ya Boal, tamu kuliko Verdelho uliyonayo. Kama haina umri kwenye lebo au imeandikwa miaka 3, ipeleke jikoni kwa mchuzi wa maini. Ya miaka 5 unaweza kuipanga kwenye orodha, chini ya Verdelho na kwa bei yake.