Ulinganisho: kulipwa kwa mwonekano au kwa mbofyo katika tovuti ndogo ya bei za mazao

Mleta mada (Dodoma mjini)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninaendesha tovuti inayochapisha bei za mahindi, alizeti, mtama na karanga, ambazo ninazikusanya kila asubuhi kwa kuwapigia simu madalali wawili wa Kibaigwa na mama mmoja anayeuza nafaka soko la Majengo. Wasomaji wangu ni wakulima na wafanyabiashara wa mazao wa Kongwa, Mpwapwa, Chamwino na Bahi, na karibu wote wanaingia kwa simu.

Hadi sasa nimetegemea mtandao wa matangazo wa nje. Mwezi huu mwenye duka la pembejeo hapa mjini, ambaye mwaka jana nilimwekea bango bila malipo kwa majaribio, amekubali kuanza kulipa na amenipa njia mbili nichague moja: shilingi 2,000 kwa kila mara 1,000 bango lake linapoonekana, au shilingi 150 kila msomaji anapolibofya. Anataka mkataba wa mwaka mzima. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwa sababu nikikosea nitaishi na kosa hilo kwa miezi kumi na miwili.

Mpenda Hesabu (Singida)

Ndugu mleta mada, bei hizo mbili haziwezi kulinganishwa zikiwa katika vipimo tofauti, kwa hiyo ziweke kwanza katika kipimo kimoja, nacho ni pato la kila mionekano 1,000. Njia ya kwanza tayari iko katika kipimo hicho; ndiyo maana herufi ya M katika CPM, kifupisho cha Kiingereza cha bei ya kila mionekano 1,000, ni tarakimu ya Kirumi ya elfu. Njia ya pili unaizidisha: idadi ya mibofyo unayopata katika kila mionekano 1,000, mara shilingi 150. Gawanya 2,000 kwa 150 utapata 13 na kidogo. Maana yake ni kwamba wasomaji wako wakibofya mara 14 au zaidi katika kila mionekano 1,000, mbofyo unakulipa vizuri zaidi. Wakibofya mara 13 au pungufu, chukua mwonekano. Kwa bango la kawaida, mara 14 ni nyingi sana.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni kujua nani anabeba hasara msomaji asipobofya. Ukilipwa kwa mwonekano, hasara ni ya mwenye tangazo. Ukilipwa kwa mbofyo, hasara ni yako, kwa kuwa umetoa nafasi, umetoa wasomaji, na umeondoka mikono mitupu. Mvutano huu ni wa zamani. Mabango ya kwanza ya intaneti yalipowekwa katika tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994, makampuni yalilipia nafasi yenyewe, na haikuchukua hata miaka miwili kabla kampuni ya Procter & Gamble, mwaka 1996, haijakubaliana na Yahoo kulipia mibofyo peke yake. Wenye tovuti wengi wa wakati ule hawakufurahia, nao walikuwa na hoja: mwenye tovuti hawezi kuwajibika kwa bango baya lililochorwa na mtu mwingine.

Tuletee takwimu za bango la majaribio, mwezi kwa mwezi kama unazo.

Mleta mada

Ahsante sana. Nimezifungua na nimeshangaa, kwa sababu sikuwahi kuzitazama kwa namna hiyo. Nitaweka miezi miwili inayotofautiana zaidi.

Juni kurasa zilifunguliwa mara 60,000, na bango lilibofywa mara 180, yaani mara 3 katika kila 1,000. Novemba kurasa zilifunguliwa mara 25,000 tu, lakini bango lilibofywa mara 475, yaani mara 19 katika kila 1,000.

Nadhani sababu ninaijua. Mwezi wa sita mkulima amevuna. Anafungua ukurasa akiwa amesimama kando ya fuso lenye magunia, dalali amemtajia bei, naye anataka kujua kama anadanganywa. Anatazama namba moja, anafunga simu, anarudi kwenye mabishano. Tangazo la mbegu halimhusu kabisa siku hiyo. Mwezi wa kumi na moja huyo huyo anasubiri mvua, shamba limeshasafishwa, na anatafuta mbegu ya kupanda. Wasomaji wanakuwa wachache, lakini wamekuja na nia ya kununua.

Kwa hiyo kwa Juni ningepata shilingi 120,000 kwa mionekano dhidi ya 27,000 kwa mibofyo, na kwa Novemba 50,000 dhidi ya 71,250. Nimefikiria nimwombe tuwe na mikataba miwili: mwonekano wakati wa mavuno, mbofyo wakati wa kupanda.

Muuza Miche (Hombolo)

Ndugu yangu, mimi niko upande wa pili wa meza, kwa sababu ninauza miche ya zabibu na nimelipia matangazo kwa njia zote mbili. Nakuambia kwa heshima kwamba mwenye duka akizijua namba zako, atataka kinyume cha hicho unachotaka. Mwezi wa sita, wakati watu hawabofyi, atakwambia tulipane kwa mbofyo. Mwezi wa kumi na moja, wakati wanabofya sana, atakwambia tulipane kwa mwonekano. Na wala hatakuwa mtu mbaya. Shilingi 2,000 kwa mibofyo 3 ni zaidi ya shilingi 660 kwa mbofyo mmoja, na hakuna duka la pembejeo litakalovumilia bei hiyo kwa miezi mingi.

Nikuongezee jambo ambalo wenye tovuti mara nyingi hawalioni. Mbofyo si mteja. Niliwahi kulipia mibofyo kwa mwezi mzima nikapata wageni wengi katika ukurasa wangu, na simu zilizopigwa hazikufika kumi. Wengi walikuwa mikoa ya mbali ambako siwezi kufikisha mche ukiwa hai, na wengine, naamini, waligusa bango kwa kidole gumba wakitafuta kitufe cha kuendelea. Upande mwingine, mwonekano usiobofywa si bure. Mtu anayetaka kupanda zabibu hafanyi uamuzi kwa siku moja, kwa sababu anahitaji nguzo, waya na maji kabla hata hajafikiria mche. Akiliona jina langu mara nyingi, siku akiamua atapiga simu moja kwa moja bila kupitia bango lolote, na mbofyo huo hautaonekana katika hesabu zako kamwe. Kwa bidhaa ya namna hiyo mimi hulipia mwonekano kwa moyo mkunjufu. Mbegu ya mahindi ni tofauti, kwa kuwa hununuliwa ndani ya wiki chache, na hapo mbofyo una maana zaidi.

Fundi Tovuti (Area C)

Kabla hamjasonga mbele, naomba tukubaliane maana ya neno mwonekano, kwa sababu mleta mada anahesabu kurasa zilizofunguliwa, na hicho si kitu kile kile. Kipimo kinachotumika na mitandao mikubwa ni kwamba tangazo la picha limeonekana iwapo angalau asilimia 50 ya eneo lake limekuwa ndani ya kioo kwa sekunde 1 mfululizo. Kwa tangazo la video ni sekunde 2.

Nimeifungua tovuti yako kwa simu, ndugu. Bango liko chini kabisa, baada ya jedwali la karanga. Mkulima uliyemweleza, yule aliyesimama kando ya fuso, anaona bei ya mahindi juu ya ukurasa na kuondoka. Bango lake huenda halijamaliza hata kupakuliwa, hasa kama mtandao ni dhaifu au bando limebaki kidogo. Ukimtoza mwenye duka kwa mara 60,000 utakuwa unamuuzia kitu ambacho hakipo, na siku akija kukagua atavunja mkataba. Lihamishe liwe kati ya jedwali la mahindi na la alizeti, acha nafasi ya kutosha pande zote ili lisiguswe kwa bahati mbaya, punguza uzito wa picha, kisha hesabu zile tu zilizoonekana kweli. Idadi itapungua, na una haki ya kuomba bei ya juu kidogo kwa sababu hiyo.

Mhariri Mdogo (Kondoa)

Mimi nitasema kuhusu mtandao wa nje ambao mleta mada anautumia tayari, kwa sababu wengi bado wanashauriana kwa taarifa za zamani. Kama ni AdSense, yaani mtandao wa Google unaoweka matangazo katika tovuti za watu, habari ya kuchagua haipo tena. Kwa miaka mingi mwenye tovuti alilipwa hasa kwa mibofyo. Novemba 2023 Google ilitangaza kwamba itahamia malipo kwa mwonekano, na mabadiliko hayo yakaanza mwanzoni mwa 2024. Mgawo wa mwenye tovuti haukupungua: sasa anapata asilimia 80 ya kinachobaki baada ya mfumo ambao mtangazaji anautumia kununua nafasi kukata chake, na mtangazaji akipitia Google Ads, mfumo wa Google wenyewe, kiasi hicho hukaribia ile asilimia 68 ya zamani ya pesa anazolipa mtangazaji. Watangazaji bado wanaweza kuweka dau kwa mbofyo. Mfumo unakadiria uwezekano wa msomaji wako kubofya na kuligeuza dau hilo kuwa bei ya mwonekano. Kwa hiyo tovuti ambayo wasomaji wake hawabofyi kabisa bado italipwa kidogo, ingawa jina la malipo limebadilika. Na pesa hazitoki hadi zifike dola 100, jambo ambalo kwa tovuti ya Kiswahili linaweza kuchukua miezi mingi.

Kuhusu mibofyo nina kidonda. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natumia mtandao mmoja uliolipa kwa mbofyo, na ndugu na marafiki, kwa mapenzi yao, wakakubaliana katika kundi la WhatsApp wanibofyie kila jioni baada ya kazi. Sikuwatuma, lakini nilipojua sikuwakataza mapema. Wiki ya tatu pato lote la mwezi lilifutwa na akaunti ikafungwa, na rufaa yangu haikukubaliwa. Nawasihi: waambieni watu wa nyumbani siku ya kwanza kabisa kwamba wasiguse matangazo yenu. Katika mkataba na duka la hapa mjini hatari ni hiyo hiyo, isipokuwa hapa hakuna mashine ya kuchuja mibofyo ya uongo. Mshindani wake anaweza kukaa na simu na kubofya mara mia kwa siku. Andikeni kwamba simu moja itahesabiwa mbofyo mmoja tu kwa siku.

Mpenda Hesabu (Singida)

Muuza Miche amenifanya nibadili ushauri wangu. Ikiwa kila upande unataka msimu unaomfaa, basi gawaneni hasara badala ya kugawana miezi. Jaribu kiasi cha msingi cha shilingi 1,000 kwa kila mionekano 1,000, pamoja na shilingi 60 kwa kila mbofyo. Kwa namba zako, Juni itakupa shilingi 1,180 kwa kila elfu na Novemba 2,140. Kwa miezi hiyo miwili ni shilingi 124,300, dhidi ya 170,000 za mwonekano mtupu na 98,250 za mbofyo mtupu. Unapoteza kidogo, lakini unampa sababu ya kubaki mwaka mzima, na wewe unabaki na sababu ya kutunza nafasi ya bango lake.

Mleta mada

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati, hasa Muuza Miche, kwa kuwa bila yeye ningeenda kwa mwenye duka na pendekezo la kunipendelea mwenyewe. Juzi nilikaa naye dukani, nikamwonyesha namba zote mbili, ya Juni na ya Novemba, bila kuficha ile mbaya. Alizitazama kwa muda, akauliza kwa nini bango lake lilikuwa chini ya karanga, nami sikuwa na jibu zuri. Tumekubaliana kiasi cha msingi na nyongeza ya mbofyo kama alivyopendekeza Mpenda Hesabu, mionekano ihesabiwe kwa kipimo cha Fundi, mbofyo mmoja kwa simu moja kwa siku, na tukutane tena baada ya miezi mitatu kuangalia bei. Shilingi 1,000 alikataa kuiongeza.

Bango limehamia kati ya mahindi na alizeti tangu Jumatatu wiki iliyopita. Katika siku saba kurasa zimefunguliwa mara 9,400, bango limeonekana kweli mara 7,100, na limebofywa mara 31. Hiyo ni shilingi 8,960, na hesabu nimeshamtumia mwenye duka asubuhi hii pamoja na bei ya mahindi ya Kibaigwa.