Kichwa cha Bibi kabla ya sendofu

Shangazi Dar, 19:06
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi ndiyo sendofu ya Neema. Wifi, naomba Mama, bibi yake Neema, apelekwe saluni Alhamisi awekwe dawa, halafu apakwe nyeusi. Picha hizi zitatazamwa na vitukuu. Kuna saluni nzuri hapo Dodoma, Area D, nalipa mimi.

Mama, 19:11
Wifi, Mama ana msusi wake pale Majengo. Nilipomgusia habari ya saluni nyingine alinyamaza. Unamjua akinyamaza.

Baba Mdogo Mwanza, 19:13
Ni yule binti wa karibu na soko? Nikipiga simu Mama anamtaja yeye kabla hajaniuliza wanangu wameamkaje.

Mama, 19:14
Ndiye, shemeji. Namwingiza humu aseme mwenyewe.

Dada wa Saluni ameongezwa kwenye kikundi

Dada wa Saluni, 19:20
Shikamooni wazazi wangu. Mbukwenyi.

Shangazi Dar, 19:21
Marahaba mwanangu. Tunazungumzia kichwa cha Mama.

Dada wa Saluni, 19:29
Shangazi, nasema kwa heshima. Dawa siwezi kumweka Bibi. Pembeni mwa paji nywele zilishakatika, ni miaka mingi ya kusukwa kwa kukazwa tangu usichana wake, na utosini ngozi inaonekana. Dawa ya kulainisha ni kali. Hata ile wanayoandika haina lai, ile kemikali kali ya kulainisha, ikizidisha dakika inaunguza. Na Bibi ana sukari, kidonda kwake hakifungi upesi.

Shangazi Dar, 19:31
Na nyeusi? Ile si ya kupaka tu na kuosha?

Dada wa Saluni, 19:36
Nyingi zina kemikali inayoitwa PPD. Mtu anaweza kupaka miaka asidhurike, halafu siku moja uso unavimba mpaka macho yanafumba. Inatakiwa ipakwe kidogo nyuma ya sikio, isubiriwe saa 48. Ila Bibi mwenyewe hataki. Anasema vijana wasipoziona mvi zake watajuaje kama anapewa shikamoo.

Shangazi Dar, 19:38
Mwanangu usinielewe vibaya. Ila msusi na mteja ni biashara. Haya mengine yote unayomfanyia, nani anakulipa?

Mama, 19:47
Wifi, hapo ngoja niseme mimi. Mama huenda pale hata kichwa kikiwa kimesukwa juzi. Anakaa kwenye benchi, anachambua mlenda wake, anasalimia wateja. Na kile kidonda cha mwaka jana nyuma ya sikio, ujue nani alikiona. Mama alikuwa anakificha chini ya kilemba, hakutaka tuhangaike. Huyu binti alipomfumua akakiona. Jioni ileile alikuja hadi hapa Kikuyu kwa miguu, hakupiga simu, akaniita nyuma ya jiko akaniambia taratibu ili Mama asione aibu. Kesho yake tukawa hospitali.

Baba Mdogo Mwanza, 19:49
Hili sikuambiwa.

Mama, 19:50
Mama alikataza, shemeji. Alisema uko mbali, utakosa usingizi bure.

Dada wa Saluni, 20:02
Shangazi, mimi ndiye mwenye deni. Nilipofungua, kiti kilikuwa kitupu kutwa. Mama yangu alikuwa ametangulia mbele za haki mwaka huohuo. Bibi alikuja akakaa kwenye kile kiti, hana hata cha kusuka, akasema mtu akiona mtu ndani naye huingia. Alikaa mpaka wateja wakaanza kuja kweli. Na mvua zikianza Desemba anakinga maji ya bati, ananiletea galoni. Haya ya bomba, ya visima vya Makutupora, ni magumu, sabuni haitoi povu na nywele nyepesi hukakamaa. Kichwa chake nakisuuza kwa maji ya mvua tu. Lipo galoni moja la tangu Aprili, nimemtunzia.

Neema, 20:04
Na hadithi mwambie dada.

Dada wa Saluni, 20:13
Akinipa kisogo ndipo husimulia. Nadhani mtu asipokutazama usoni mengi humtoka. Ameniambia habari za Operesheni Dodoma, 1971, walivyohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mumewe alitangulia na mbuzi, yeye akafuata na mtoto mgongoni na jiwe la kusagia kichwani, kwa sababu lilikuwa la mama yake na hakukubali libaki porini. Akifika kwenye lile jiwe huwa nasimamisha mkono, kwa kuwa kichwa kinamtetemeka.

Baba Mdogo Mwanza, 20:15
Mtoto mgongoni mwaka 1971 ni marehemu kaka yetu mkubwa.

Baba Mdogo Mwanza, 20:16
Jiwe la kusagia sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Binti, siku ukimsuka nipigie video, uweke simu mezani. Sitasema neno, nisikilize tu.

Dada wa Saluni, 20:18
Nitamwomba ruhusa kwanza, baba.

Neema, 20:24
Bibi yuko hapa nimemsomea zote. Anasema, naandika kama anavyotamka: "Nisukwe twende kilioni, mbele asinikaze. Nyeupe zibaki. Huyo wa Mwanza apige, kama atanyamaza kweli. Na huyu mtoto siku ya sherehe nikae naye meza moja, msimpeleke kupakua chakula."

Shangazi Dar, 20:27
Haya, mwenye kichwa amesema. Wifi, kadi ya huyu binti ipo?

Mama, 20:28
Haikuandikwa.

Shangazi Dar, 20:28
Iandikwe leo, meza ya familia. Mchango wake nimeubeba.

Dada wa Saluni, 20:31
Asante sana shangazi. Alhamisi nitakuja nyumbani saa mbili asubuhi, goti lake lisihangaike na bajaji.

Baba Mdogo Mwanza, 20:32
Nitumie namba, nilipie kusuka na nauli.

Dada wa Saluni, 20:34
Nauli napokea baba, ahsante. Ya kusuka Bibi hulipa mwenyewe, 5,000, na hudai chenji akitoa kumi. Ukimlipia atanuna.

Shangazi Dar, 20:36
Nafika Ijumaa na SGR ya jioni. Nimemnunulia kilemba cha zambarau.

Dada wa Saluni, 20:37
Kiwe chepesi shangazi, na tusikikaze pembeni.