Tuzo za Pulitzer na jina la mwenyeji: ni haki yake, au tunadai kisicho chetu?

Wakuu, habari za leo. Naleta hoja hii, ya mwenyeji anayemtafsiria na kumwongoza mwandishi wa nje, kwa waandishi, wapiga picha na yeyote anayejali yanayoandikwa kuhusu kwetu.

Kila mwaka Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hutangaza washindi wa Pulitzer. Chanzo ni wosia wa Joseph Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria aliyetajirika kwa magazeti. Alifariki 1911, tuzo za kwanza zikatolewa 1917: upande mmoja habari, upande wa pili vitabu, tamthilia na muziki. Fedha yenyewe si ya kutisha, dola 15,000, lakini aliyeipata ataitwa "mshindi wa Pulitzer" mpaka siku ya mazishi yake.

Sasa hesabuni nami. 1998, Martha Rial wa Pittsburgh Post-Gazette, picha za manusura wa vita vya Rwanda na Burundi. 1999, shirika la habari la Associated Press (AP), picha za mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar. 2012, Jeffrey Gettleman wa New York Times, njaa na vita Afrika Mashariki. 2014, Tyler Hicks wa gazeti hilohilo, picha za shambulio la jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Sisemi hawakustahili, wapo walioweka roho rehani. Ninachouliza ni nani aliyekuwa kando yao.

Hapo kando napajua. Mei 2015 nilikuwa Kagunga, kijiji cha mpakani mkoani kwetu Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, Warundi walipomiminika kwa maelfu na kipindupindu kikawakuta palepale ufukweni. Nilikuwa namtafsiria mwandishi mmoja wa nje. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya dumu lake la njano, hainuki, maana likichukuliwa hana cha kutekea maji. Mwandishi akataka nimuulize amepoteza nani. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana, lakini mfiwa haulizwi hivyo. Nikampa pole kwanza, nikakaa chini, nikamuuliza nyumbani walitoka wangapi. Akasema sita. Akanyamaza kitambo, akilichezea lile dumu kwa vidole. Halafu akasema, "Tumefika wanne."

Maneno hayo ndiyo yaliyofungua makala. Jina langu halikuwamo, hata kwa herufi ndogo chini kabisa. Nililipwa siku tatu na nauli ya boti.

Kwa hiyo nasema hivi: Columbia iweke sharti. Anayewasilisha kazi ataje kila aliyeifanya, mwenyeji akiwamo. Mnasemaje?

Mchangiaji, Nairobi: Pole sana, kaka. Lakini hiyo ya 1999 umeipita mbio. Walituzwa wapiga picha wa AP kwa pamoja, na Wakenya walikuwamo. Kwa upande wa habari, kanuni inataka kazi iwe imetolewa na chombo cha Marekani, haiulizi pasipoti ya aliyeifanya. Wale walikuwa na ajira, wewe ulikuwa na ahadi ya mdomo. Dai mkataba kabla hujapanda boti.

Mchangiaji, Bujumbura: Ndugu yangu wa Kigoma, kazi yako ndiyo yangu, ila mimi nilikuwa upande huu wa mpaka. Mgeni akimaliza anapanda ndege. Mimi nabaki mtaani na watu walewale walioandikwa, na wanajua kusoma. Kuna makala niliyoomba jina langu litolewe kabla haijachapishwa, nikapiga simu mara tatu usiku mmoja kuhakikisha. Hilo sharti lako kwako ni heshima, kwangu lingekuwa hukumu. Lifikirie tena, tafadhali.

Mchangiaji, Dar: Mimi naona tunagombania mizani ya watu, na mizani yenyewe imewahi kupima vibaya. 1932 ilimtuza Walter Duranty kwa habari za Umoja wa Kisovieti. Mtu huyo baadaye akaikanusha njaa iliyoua mamilioni Ukraine, na 2003 bodi ya Pulitzer ikakataa kumvua tuzo. 1965 jopo la muziki lilimpendekeza Duke Ellington, mwanamuziki mweusi wa jazi, bodi ikamnyima. Ikamkumbuka 1999, miaka 25 baada ya kuzikwa. Kinachoniuma zaidi kiko hapahapa kwetu. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 ilibeba jina la chuo cha Marekani, Cornell, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa kiwanda cha mabati cha Kenya! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya uandishi wa habari. Matajiri tunao. Pulitzer alikuwa tajiri mmoja na wosia mmoja. Tunangoja nini?

Mleta mada: Nimewasoma wote, asanteni.

Ndugu wa Bujumbura, umenirudisha nyuma, na nakubali. Jina litajwe kwa ridhaa ya mwenyewe tu. Asiyetaka kuonekana, bodi ipewe jina lake kwa siri na fungu lake la fedha limfikie kimyakimya. Hilo la ridhaa nililisahau kwa sababu mimi nililala salama.

Kaka wa Nairobi, mkataba ni neno zuri. Ila mgeni anafika jioni, boti inaondoka alfajiri, na nyuma yangu wamepanga foleni vijana watano watakaokwenda kwa nusu ya bei. Shirika lenye ofisi Nairobi linaweza kuajiri. Huku mwambao wa ziwa hatujaiona ofisi hiyo. Ndiyo maana naitaka kanuni iwe kwenye tuzo, kwa kuwa tuzo ndiyo kitu pekee ambacho wahariri wao wanakiogopa kukikosa.

Dada wa Dar, wazo la tuzo ya kwetu naliunga mkono kwa mikono miwili, na ikianzishwa kesho nitafurahi. Lakini sikiliza. Mwaka jana nilimpeleka mwandishi wa gazeti moja la huko kwenu mpaka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilimtafutia pikipiki, nikamtafsiria siku mbili, nikamwonyesha watu wa kuzungumza nao. Makala ilitoka ukurasa mzima, na jina lilikuwa moja tu, lake. Fomu ya hiyo tuzo ya Dar itakuwa na mstari wa kuniandika mimi?