Mjadala: Je, orodha ya nchi zilizojiandaa kwa majanga ya magonjwa hutabiri lolote?

Mwalimu, Kibosho
Ndugu zangu, Oktoba 2019 ilitolewa Fahirisi ya Usalama wa Afya Duniani iliyopima nchi 195, Marekani ikawa ya kwanza kwa alama 83.5 kati ya 100 na Uingereza ya pili. Kufikia Mei 2022 Marekani ilikuwa imepoteza watu zaidi ya milioni moja kwa UVIKO-19, ilhali Vietnam, iliyopewa nafasi ya 50, iliudhibiti ugonjwa huo mwaka mzima wa 2020. Sisi Watanzania tulikuwa chini zaidi, na hatukufa kama tulivyotabiriwa. Orodha hizi zinamsaidia nani?

Muuguzi, Sakina
Mwalimu, hapo kwenye kutokufa umenichoma. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, msafiri aliyeshukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa Mei takwimu zilikoma zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ukapita zaidi ya mwaka bila taarifa. Kifo kisichoandikwa hakiwezi kuwa ushahidi wako dhidi ya orodha yoyote. Tuliokuwa wodini tunajua tulichokiona, wakati wenzetu wa utalii wakishangilia kufunguliwa kwa anga.

Mwongoza watalii, Moshi
Dada, nani alishangilia? Ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa Aprili, anga ikafunguliwa Mei, lakini wageni hawakurudi, na wapagazi wa Kilimanjaro waliokuwa wakilisha familia kwa mshahara wa safari moja hadi nyingine walibaki nyumbani wakikopa unga. Usituhesabie furaha ambayo hatukuwa nayo.

Muuguzi, Sakina
Kaka, sikuwataja wapagazi. Nilisema wenye kampuni, na hilo silifuti.

Mwongoza watalii, Moshi
Uliandika wenzetu wa utalii. Mpagazi yumo.

Mstaafu wa afya ya jamii, Usa River
Wanangu, mwacheni mpagazi apumue. Kuna utafiti wa jarida la kitabibu la Lancet wa 2022, nchi 177 kama sikosei, uliokuta kwamba alama za maandalizi hazikuendana na maambukizi, bali imani ya wananchi kwa serikali na kwa wao kwa wao ndiyo iliyoendana na maambukizi machache. Hata hivyo, UVIKO-19 uliua zaidi wazee, nasi ni taifa la vijana, kwa hiyo kulinganisha vifo vyetu na vya Uingereza bila kuzingatia umri ni dhuluma kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada, yaani vilivyozidi vya kawaida, milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, karibu mara tatu ya vilivyoripotiwa. Maandalizi yetu nayapima kwa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, ya mkoani Kagera: ilitangazwa Machi 21, 2023, wagonjwa wakawa tisa, sita wakafariki, na Juni 2 ikatangazwa kuisha.

Mwalimu, Kibosho
Mzee, Kagera inaniunga mkono: hapakuhitajika nafasi ya kwanza duniani.

Muuguzi, Sakina
Kagera walihesabu, Mwalimu, tena hadharani. Nipe vifo vya Arusha na Kilimanjaro vya 2020 na 2021, wilaya kwa wilaya, ndipo tuihukumu hiyo orodha.