Marejea ni mbolea, sawa. Lakini tuwalishe ng'ombe wa maziwa?

Mwanzisha mada, Uyole
Wadau, tulijadili hili kabla watu hawajaanza kukausha majani ya kiangazi. Huku Nyanda za Juu Kusini marejea, mmea wa jamii ya kunde, inanadiwa kwa pumzi moja kuwa ni mbolea na ni chakula cha mifugo. Kwenye mbolea sina ubishi. Tangu ienezwe kutoka Peramiho imerutubisha mashamba mengi ya mahindi na kuzima magugu. Kwenye lishe napinga.

Marejea ni ya jamii ya Krotalaria, yenye mamia ya aina zinazofanana, na nyingi zina sumu ya ini. Ini hupokea takribani robo tatu ya damu yake kutoka tumboni na kwenye utumbo, inayobaki huletwa na ateri, kisha yote hutokea kwenye vena ndogo kurudi moyoni. Mmea ukiliwa, ini lenyewe ndilo linaloigeuza kemikali yake kuwa kali, na ukali huo unaunguza kuta za vijia vya damu humo humo ndani. Vikiziba, damu inakwama. Seli zilizo karibu na vena hizo, ambazo hata kwa kawaida hupata oksijeni kidogo kuliko nyingine, zinakufa. Panabaki kovu, ini linakuwa gumu na kusinyaa.

Kinachoniuma ni kwamba ini lina akiba kubwa, hivyo ng'ombe anaweza kukamuliwa wiki, hata miezi, bila dalili. Ukija kuona amekonda, tumbo limejaa maji, au mabaka meupe ya ng'ombe wa Friziani yanababuka juani, hakuna dawa ya kulirudisha.

Mkulima, Njombe
Mkuu, unatutisha. Mbuzi wangu wanaila miaka yote na wako salama. Kenya majani machanga ni mboga. Mashudu hayashikiki bei, sasa tuwape nini?

Mfugaji, Tukuyu
Kaka, mbuzi na kondoo huistahimili kuliko ng'ombe, usiwapime kwa kipimo kimoja. Sisi tunachanganya matete na desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde. Ila naomba kujua, ikikaushwa sumu si inaisha?

Mwanzisha mada, Uyole
Haiishi, dada. Kavu naiogopa zaidi, maana malishoni ng'ombe huikwepa kwa uchungu wake, lakini ikichanganywa na nyasi kavu anaimeza yote. Mbegu ndizo hubeba sumu nyingi.

Kaka wa Njombe, mboga ile ni majani machanga ya aina chache zinazojulikana. Jamaika watu walikunywa chai ya mimea ya jamii hii, na mwaka 1954 madaktari wakaeleza kuziba huku huku kwa vena za ini, wengi wakiwa watoto. Hoja ya bei naikubali, ni nzito, ndiyo maana desmodiamu ya dada ifundishwe kwa nguvu ile ile iliyotumika kwa marejea. Nayo marejea ifukiwe ingali na maua, na kila mfuko wa mbegu uandikwe ni aina gani. Mwenye hoja ya kupinga kuandika jina la aina kwenye mfuko ailete hapa.